Kamati ya Bajeti, kamati ya kisekta, PAC au PIC: upeleke wapi hoja kuhusu fedha za taasisi ya umma?

Chama cha wafanyakazi kinachoona makato ya wanachama wake hayafikishwi kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, mwandishi wa habari aliyepata mkataba wa ununuzi wenye bei isiyoelezeka, asasi inayofuatilia mradi wa maji uliosimama kwa kukosa fedha: wote hawa, wakiamua kulifikia Bunge la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, hukutana na swali lilelile. Bunge ni moja, lakini kamati zinazogusa fedha za taasisi ya umma ni nne, na kila moja ina mipaka yake. Wapo wanaoandika barua moja na kuinakili kwa kamati zote. Barua ya namna hiyo ni rahisi kuwekwa kando, kwa kuwa kila kamati inaweza kuona, tena kwa haki, kwamba jambo hilo linaihusu kamati nyingine.

Makala haya yanazilinganisha Kamati ya Bajeti, kamati za kisekta, yaani zile zinazosimamia wizara za sekta fulani, Kamati ya Hesabu za Serikali ambayo wengi huiita PAC, na Kamati ya Uwekezaji wa Mitaji ya Umma, yaani PIC. Kama jambo lako linahusu halmashauri ya wilaya, mji au jiji, kamati yake ni ile ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, ambayo kwa sehemu kubwa hufanya kazi kama PAC inavyofanya kwa Serikali Kuu, na yatakayosemwa hapa kuhusu PAC yatakusaidia.

Vigezo vya kulinganishia

Nimechagua vigezo vitano: wakati ambao kamati inaweza kufanya jambo la maana, nyaraka inazozitegemea, mtu inayemwita kujibu, nguvu ya uamuzi wake, na njia ya mwananchi kuifikia. Vigezo hivi havina uzito sawa. Viwili vya kwanza ndivyo vinavyoamua mambo mengi, ingawa mijadala ya hadharani hupenda zaidi kile cha nne. Watu huuliza kamati ipi ni kali, kabla ya kuuliza fedha zinazolalamikiwa ziko katika hatua gani: zinaombwa, zinatumika, au zimekwisha kutumika. Kwa maoni yangu swali hili la pili ndilo linalopaswa kutangulia, kwa sababu hata kamati yenye msimamo mkali kuliko zote haiwezi kurekebisha mgawo uliokwisha kupitishwa, wala kuzuia malipo ambayo itayasoma kwenye ripoti mwaka unaofuata.

Wakati

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Kamati ya Bajeti, iliyoundwa mwaka 2013, hufanya kazi yake kubwa kabla ya mwaka huo kuanza. Huanza pale Serikali inapowasilisha mapendekezo ya mpango wa maendeleo na mwongozo wa kuandaa bajeti, jambo ambalo kwa kawaida huangukia karibu na Novemba, na kazi hiyo huendelea hadi Muswada wa Fedha, unaoweka kodi na tozo, mwishoni mwa Juni. Anayetaka kubadili mgawo wa fedha na akajitokeza mwezi Mei amechelewa, kwa kuwa ukomo wa bajeti wa kila wizara umeshawekwa na makadirio yameshafika bungeni. Mwezi huo bado anaweza kuzungumzia kodi na tozo. Kuhusu mgawo, nafasi yake imebaki ndogo sana.

Kamati za kisekta, kama vile ya Maji na Mazingira au ya Nishati na Madini, zina misimu miwili. Msimu wa kwanza ni Machi, zinapotembelea miradi na kisha kuchambua makadirio ya wizara kabla ya Mkutano wa Bajeti unaoanza Aprili. Hapo hulinganisha fedha zilizoidhinishwa na Bunge na zile ambazo Hazina imezitoa kweli, na katika ulinganisho huo ndipo hujulikana kwa nini mradi umesimama. Msimu wa pili ni vikao vyake vya kawaida vinavyotangulia mikutano mingine ya Bunge, ambamo hupokea taarifa za utekelezaji. Kati ya kamati zote nne, hii ndiyo inayoweza kuikuta fedha ikiwa bado inatumika, na naona watu hawaithamini inavyostahili.

PAC huja baadaye, na mwenye hoja anapaswa kujua huja baadaye kiasi gani. Maafisa Masuuli, yaani watendaji wanaowajibika kisheria kwa fedha za taasisi zao, hukabidhi hesabu kwa ukaguzi miezi mitatu baada ya mwaka kufungwa, yaani mwishoni mwa Septemba. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, humkabidhi Rais ripoti zake kufikia mwisho wa Machi, na ripoti hizo huwasilishwa bungeni Aprili. Baada ya hapo ndipo kamati inapowaita wahusika, na taarifa yake kujadiliwa na Bunge zima. Ripoti zilizohusu mwaka ulioishia Juni 2022, kwa mfano, ziliwasilishwa bungeni Aprili 2023, na taarifa ya PAC kuhusu ripoti hizo ikajadiliwa Novemba 2023. Malipo yaliyofanyika Julai 2021 yalikuwa yametimiza zaidi ya miaka miwili. Muda huo una sababu, kwa kuwa hesabu haziwezi kukaguliwa kabla ya kufungwa, lakini mlalamikaji anayesubiri haki yake mwezi huu asipewe matumaini kwamba PAC itampatia mwezi huu.

PIC haifungwi sana na kalenda ya bajeti. Huangalia mwenendo wa shirika kwa miaka kadhaa: mtaji uliowekwa, faida au hasara, madeni, gawio kwa Serikali na uwezo wa shirika kujiendesha.

Nyaraka

Kamati ya Bajeti hufanya kazi na vitabu vya makadirio, mwongozo wa bajeti, ukomo, na Muswada wa Fedha. Kamati ya kisekta ina vitabu hivyohivyo kwa mafungu ya wizara yake, yaani sehemu za bajeti zilizotengewa wizara hiyo, ikiongezewa randama, yaani maelezo ya kina ambayo wizara huyaandaa kuhusu kila kasma, kifungu kidogo cha matumizi ndani ya fungu. Anayetaka kuzungumza na kamati hizi kwa lugha zinayoielewa ataje fungu, kasma na namba ya mradi. Sentensi kama «Serikali haitoi fedha za kutosha kwa maji» haiipi kamati pa kuanzia. Lakini mtu akisema kwamba mradi fulani katika fungu fulani uliidhinishiwa kiasi fulani, na hadi Februari mkandarasi alikuwa hajalipwa cheti chake cha kwanza cha malipo, mjumbe anaweza kulisoma jambo hilo mbele ya Katibu Mkuu likajibiwa.

Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Mashirika mengi ya umma yanayojiendesha kwa mapato yake hayaonekani yote katika vitabu vya bajeti. Bajeti ya ndani ya shirika hupitishwa na bodi yake ya wakurugenzi, chini ya uangalizi wa Msajili wa Hazina, anayesimamia mitaji ya Serikali katika mashirika, na kinachoonekana katika fungu la wizara mama ni ruzuku au fedha za miradi tu. Mtu anaweza kupekua kitabu cha matumizi ya kawaida ukurasa kwa ukurasa akitafuta posho za wakurugenzi wa shirika fulani asizione, na asihitimishe kwamba zimefichwa. Maswali kuhusu fedha za namna hiyo yanazihusu zaidi PIC na PAC.

PAC huegemea ripoti za CAG, na hapo ndipo penye nguvu yake na mpaka wake. Ripoti ya ukaguzi ina hoja zilizokwisha kuhojiwa: menejimenti ilipewa nafasi ya kujibu, na jibu lake limeandikwa pamoja na maoni ya mkaguzi. Mjumbe wa PAC hahitaji kumwamini mlalamikaji kwa neno lake, kwa kuwa ana karatasi yenye uzito wa kikatiba. Upande wa pili ni kwamba jambo ambalo CAG hakulikagua lina nafasi ndogo ya kujadiliwa hapo. Ndiyo maana mwenye ushahidi wa ubadhirifu hufanya vyema kuufikisha Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi mapema, kabla ukaguzi wa mwaka husika haujakamilika. Sheria ya Ukaguzi wa Umma ya mwaka 2008 inatambua pia ukaguzi wa ufanisi na ukaguzi maalumu, mbali na ule wa kawaida wa hesabu.

Naongeza tahadhari moja kuhusu hati ya ukaguzi, yaani maoni rasmi ya mkaguzi kuhusu hesabu za taasisi. Hati safi humaanisha kwamba taarifa za fedha zimeandaliwa kwa usahihi katika mambo yote ya msingi. Haimaanishi kwamba fedha zilitumika kwa busara, wala kwamba kila ununuzi ulikuwa na thamani ya fedha iliyolipwa. Taasisi yenye hati safi inaweza kuwa na hoja nzito katika kurasa zinazofuata, kwa hiyo asiyesoma kurasa hizo asikate tamaa, na asimsifu mtu, kwa kuangalia hati peke yake.

Anayeitwa kujibu

Mbele ya Kamati ya Bajeti huketi zaidi Wizara ya Fedha. Mbele ya kamati ya kisekta huketi waziri, katibu mkuu na wakuu wa taasisi zilizo chini ya wizara, na mazungumzo huchanganya sera na fedha. Mbele ya PAC anayejibu ni Afisa Masuuli, mtu ambaye sheria inamwajibisha yeye binafsi kwa fedha za fungu lake, na wataalamu wa CAG huisaidia kamati. Tofauti hii si ndogo. Waziri anaweza kuahidi, kuomba muda au kueleza nia njema ya Serikali. Afisa Masuuli anaulizwa hati ya malipo iko wapi. PIC huwaita mtendaji mkuu wa shirika na mwenyekiti wa bodi, pamoja na Ofisi ya Msajili wa Hazina, na ndiyo kamati inayofaa kuuliza bodi ilikuwa inafanya nini wakati hasara inakua mwaka baada ya mwaka.

Kamati zote hutumia Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, inayoruhusu kumwita mtu na kumtaka alete nyaraka. Kwa mamlaka ya kuita, basi, hakuna iliyo dhaifu.

Nguvu ya uamuzi

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Hata hivyo Ibara ya 99 hailiruhusu Bunge kushughulikia pendekezo la kuongeza kodi au matumizi kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa pendekezo hilo limetolewa na Rais kupitia kwa waziri. Kamati ya Bajeti, kwa hiyo, haiongezi fedha kwa kalamu yake. Inachofanya ni kujadiliana na Serikali hadi Serikali yenyewe ilete mabadiliko, na majadiliano hayo yanaweza kuhamisha fedha nyingi kuliko hotuba yoyote ya ukumbini. Kuikataa bajeti nzima ni jambo zito mno, kwa sababu Ibara ya 90 inaitaja hali hiyo kuwa miongoni mwa sababu zinazomruhusu Rais kulivunja Bunge.

Kamati ya kisekta huishia kwa maoni na ushauri unaosomwa ukumbini mara tu baada ya hotuba ya waziri. Nguvu yake huonekana zaidi Bunge linapokaa kama Kamati ya Matumizi, kupitisha fungu moja baada ya jingine, ambapo mbunge anaweza kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kuzuia usipitishwe, hadi apate maelezo yanayoridhisha. Mbunge aliyepewa taarifa sahihi na kamati au na wananchi hushika shilingi kwa jambo mahususi, na ahadi ya waziri huingia katika kumbukumbu rasmi za Bunge. Lakini muda ukiisha mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa pamoja, na hoja iliyopangwa mwisho inaweza isisikike kabisa.

PAC hutoa mapendekezo ambayo Bunge likiyakubali huwa maazimio. Kwa mujibu wa Kanuni za Kudumu uongozi wake hutoka upinzani, utaratibu unaofuata desturi ya mabunge ya Jumuiya ya Madola, ambayo chimbuko lake ni kamati ya hesabu iliyoundwa Uingereza mwaka 1861. Pale wabunge wa upinzani wanapokuwa wachache, kiti hicho hakitoshi chenyewe kuipa kamati uhuru, kwa kuwa wajumbe walio wengi bado ni wa chama tawala. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Novemba 2014, PAC ikiongozwa na Zitto Kabwe ilipowasilisha taarifa kuhusu fedha za akaunti ya Tegeta Escrow, zaidi ya shilingi bilioni 300, baada ya ukaguzi maalumu wa CAG. Kufikia Januari 2015 Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Waziri wa Nishati na Madini walikuwa wamejiuzulu, na Waziri wa Ardhi alikuwa ameondolewa na Rais.

Wengi husoma tukio hilo kama uthibitisho kwamba PAC inaweza kumng'oa yeyote. Mimi naona linaonyesha jambo lenye masharti zaidi. Kulikuwa na ukaguzi maalumu, kulikuwa na mjadala wa Bunge zima uliofuatiliwa na nchi, na kulikuwa na mamlaka ya uteuzi iliyoamua kuchukua hatua. Azimio la Bunge halimfukuzi mtu wala halimfungi. Utekelezaji hubaki kwa Serikali, na uchunguzi wa jinai hubaki kwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, Polisi na Mkurugenzi wa Mashtaka. Hoja zinazojirudia katika ripoti za CAG mwaka hadi mwaka zinaonyesha wazi kwamba pengo kubwa liko baada ya azimio, na jambo hilo linapaswa kumuuma kila anayelipa kodi.

PIC ina historia fupi. Kabla ya 2013 mashirika ya umma yalikuwa na kamati yao ya hesabu, POAC, kisha ikavunjwa na kazi yake ikapelekwa PAC. PIC ilikuja na Bunge lililofuata uchaguzi wa 2015, ikiwa na jukumu la kupima tija ya mitaji. Mapendekezo yake hugusa mambo kama kuunganisha mashirika, kuongeza mtaji au kubadili muundo wa bodi. Hayana kishindo kikubwa magazetini, ingawa shirika lililopewa mtaji pungufu tangu siku ya kwanza litaendelea kupata hasara hata likiendeshwa na watu waadilifu.

Njia ya mwananchi

Kamati ya Bajeti ina nafasi iliyo wazi zaidi: wadau hualikwa kutoa maoni kuhusu Muswada wa Fedha, na mara nyingi muda ni siku chache, kwa hiyo andiko liwe tayari kabla ya mwaliko. Kwa kamati nyingine njia ya kawaida ni mbunge wa jimbo, mjumbe wa kamati yenyewe, au barua kwa Katibu wa Bunge, Dodoma. Andika kurasa mbili, ambatisha nyaraka, eleza unachoomba kifanyike. Pale nyaraka zinapokosekana, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamtaka mwenye taarifa ajibu ombi ndani ya siku 30. Ripoti kuu za CAG hupatikana kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi.

Kwa hali yako

Ikiwa unataka taasisi ipate fedha zaidi, au unapinga tozo inayopendekezwa, Kamati ya Bajeti ndiyo inayokufaa, na anza karibu na Novemba kwa mgawo wa fedha, au usiache Juni ikupite kwa jambo la tozo. Inawafaa zaidi vyama vya wafanyabiashara, wataalamu wa kodi na asasi zenye uwezo wa kuandaa takwimu.

Ikiwa fedha ziliidhinishwa lakini hazijafika, au zimefika na kazi haiendi, nenda kamati ya kisekta kabla ya Machi, na umpe mbunge wako nakala, kwa sababu yeye ndiye atakayeweza kushika shilingi Mei au Juni. Inawafaa wananchi wa eneo la mradi kuliko mtu mwingine yeyote, kwani wajumbe huja kuuona mradi kwa macho yao.

Ikiwa fedha zimekwisha kutumika na unaamini zilitumika kinyume cha sheria, angalia kwanza kama CAG ameandika chochote. Akiwa ameandika, peleka PAC ushahidi unaoongeza kitu kwenye hoja yake, ukitaja ripoti, mwaka na ukurasa. Asipokuwa ameandika, anza na Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, na kama kuna dalili za rushwa usisubiri kamati yoyote, nenda TAKUKURU.

Ikiwa tatizo ni shirika linalopata hasara kila mwaka, lisilotoa gawio au linalolimbikiza madeni bila ya kuwepo wizi unaoonekana, PIC itakusikiliza vizuri zaidi. Wafanyakazi, wastaafu na wakopeshaji wa shirika hilo wana taarifa ambazo bodi haizileti yenyewe.

Hali ngumu ni ile inayogusa kamati mbili, mfano wa chama cha wafanyakazi nilichokitaja mwanzoni. Makato yasiyowasilishwa ni kosa lililokwisha kutendeka, na pia ni deni linaloendelea kukua kila mwezi. Katika hali hiyo tenganisha madai. Sehemu ya miaka iliyokaguliwa iandikie PAC, ikiwa na namba ya hoja ya ukaguzi. Sehemu ya mwaka unaoendelea iandikie kamati ya kisekta inayoisimamia taasisi hiyo, ukiomba Katibu Mkuu aeleze kasma ya michango ya mwajiri imetumika wapi. Kila barua itaje kwamba nyingine ipo na imepelekwa wapi, ili makatibu wa kamati hizo mbili waweze kuwasiliana.